Filamu ya Lengalenga

Kathure alikuwa karibu kuinuka aondoke alipoliona jina la Anko Patroba ukutani.

Ilikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi mdogo wa maktaba moja ya Dallas. Kikundi cha wapenzi wa sinema kilikuwa kikionyesha mikanda ya zamani, filamu fupifupi ambazo mashoga na wasagaji wa Texas walizitengeneza wenyewe miaka ya tisini, kwa pesa za mfukoni na kamera za kubeba begani. Kathure alikwenda peke yake. Esperance, mpenzi wake wa miaka miwili, alikuwa zamu kwenye ghala anakofanya kazi huko Grand Prairie.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya dakika kumi na moja tu. Vijana wawili wa kiume, mmoja mgonjwa, na mwenzake anamnyoa ndevu polepole karibu na dirisha. Hawasemi neno. Picha ilikuwa na chengachenga kama televisheni iliyokosa mawimbi, lakini mkono ulioshika kamera haukutetemeka hata mara moja. Halafu yakaja majina, herufi nyeupe juu ya weusi, na la tatu lilisema: Kamera, Patroba.

Texas nzima Kathure alimjua Patroba mmoja tu. Ni yule mzee wa Stafford aliyepiga video za harusi za Wakenya kuanzia Houston hadi Dallas, suti ya rangi ya maziwa, viatu vinavyong'aa, sauti ya upole. Hakuwahi kuoa. Kuna wakati watu walikuwa wakimuuliza kwa nini, halafu wakachoka kuuliza, na mwishowe akawa Anko wa kila mtu.

Kathure alikaa kwenye kiti chake mpaka taa zikawashwa na mtu akaanza kukunja viti vya pembeni.

Alikuwa na sababu ya kukaa. Kwa mwaka mzima, katikati ya zamu zake za unesi, alikuwa ameandika skripti ya kurasa ishirini, kwa Kiswahili, na alikuwa hana mtu wa kuipigia picha. Wapiga picha watatu walikuwa wamemkubalia, kisha wakasoma, kisha simu zao zikawa hazipokelewi. Ijumaa iliyofuata hakuwa na zamu. Akaendesha gari kwa saa nne na nusu kushuka barabara ya 45 mpaka Stafford, skripti ikiwa kwenye kiti cha pembeni kama abiria.

Patroba alifungua mlango akiwa na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi.

"Kathure wa Gakii! Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa, Anko. Nimeiona ile filamu ya kijana anayenyolewa."

Mzee aligeuka akaenda jikoni, akaweka maji motoni, akayasimamia kama mtu anayeogopa yatatoroka. Kathure alisimama sebuleni asijue kama amekaribishwa ama amefukuzwa.

"Umeionea wapi?" Patroba aliuliza bila kugeuka.

"Maktaba, Dallas. Tulikuwa watu kama sabini. Ilipoisha walisimama wakapiga makofi."

"Sabini?" Sasa aligeuka. "Na mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Kulikuwa na biskuti mlangoni."

Patroba alicheka cheko fupi, akafuta jicho moja kwa kile kitambaa cha lenzi. "Sisi tuliionyesha kwenye shuka, sebuleni kwa mtu, mtaa wa Montrose kule Houston. Tulikuwa kumi na wawili. Mlango tumeutia komeo, na mmoja wetu anachungulia dirishani."

Chai ilipoiva alimweleza. Alikuja Houston mwaka wa themanini na tisa kusomea uhandisi. Akampata Samson, kijana wa Beaumont, mcheshi, aliyekuwa na kamera ya kuazima na mawazo mengi kuliko mikanda. Walitengeneza filamu sita. Walikuwa wakinakili mikanda kwa mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, wanaifunga kwenye karatasi za kahawia, wanaituma kwa posta kwa watu wasiowajua, Atlanta, Chicago, hata mji mmoja wa Kansas ambao mpokeaji wake alikuwa akiwaandikia barua za shukrani za kurasa nane. Baadaye yakaja matamasha. Baadaye zikaja kamera ndogo za kidijitali, kisha simu, na sasa mtoto wa shule anatengeneza filamu yake chumbani, anaiweka mtandaoni, na kabla hajamaliza kunywa maziwa watu elfu wameshaiona. Hayo yote Patroba alikuwa ameyafuatilia kwa mbali.

"Yule anayenyolewa ni Samson," alisema. "Wiki tatu baadaye tulimzika. Mwaka ule, kwa sababu ya Ukimwi, nilizika marafiki tisa, na kila filamu tuliyotengeneza ilikuwa na kifo ndani yake, maana tungeandika nini kingine? Nikaiweka kamera chini. Nilipoishika tena, nilikwenda harusini. Harusini watu wanacheka, Kathure. Nilitaka kupiga picha watu wanaocheka."

Kathure aliisogeza skripti mezani. Patroba alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaanza kusoma.

Ilikuwa hadithi ya wasichana wawili wanaokutana kwenye kamati ya harusi, Mwende Mkenya na Zoé Mkongo. Zoé anatangaza kwamba yeye ataleta lengalenga. Kwa Wakongo lengalenga ni mboga, lakini Mwende anachojua ni machozi yanayomlengalenga mtu machoni, kwa hiyo anadhani huyu dada anaahidi kuja kulia kwenye harusi ya watu. Anamwendea kumfariji. Hapo ndipo mambo yanapoanza, na kwa kurasa kumi na tano wasichana wale wanapendana huku kila mmoja akidai kwamba mwenzake hajui Kiswahili.

Patroba alicheka ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tano aliivua miwani akacheka vizuri. Alipofika mwisho akarudi nyuma kurasa mbili, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Anakufa nani?"

"Hakuna anayekufa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Anko."

"Hata paka?"

"Hakuna paka."

Mzee aliiweka skripti chini kwa mikono miwili. "Miaka thelathini," alisema. "Miaka thelathini nimengoja mtu aniletee wanawake wawili wanaogombania mboga." Kisha akainuka kwenda kabatini kutafuta kalenda. "Nina harusi wiki hii na ijayo. Inayofuata mimi ni wako. Tutapigia hapahapa nyumbani kwangu, mwanga wa jikoni ni mzuri mpaka saa kumi. Lakini nichapie nakala ya maandishi makubwa, macho yangu si yale."

Ni hiyo nakala ya maandishi makubwa iliyoleta mambo yote.

Ijumaa ya kabla ya kupiga picha, Kathure alifikia Katy, mji ulio kando ya Houston, nyumbani kwa kaka yake Gichuki, ambako mama yao, Mwalimu Gakii, pia aliishi. Gichuki alikuwa safarini kikazi. Mwalimu Gakii alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watu bado walimwita Mwalimu, kwa sababu kabla ya kuja Marekani alifundisha Kiswahili kwa miaka ishirini na miwili kwenye shule ya sekondari ya wasichana huko Nkubu, na hakuwahi kuiacha kazi hiyo rohoni.

Yeye na Kathure walikuwa hawajagombana. Miaka mitatu iliyopita, Kathure alimwambia mama yake jikoni kwamba anapenda wanawake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akalichukua kapu la nguo, akawasha pasi, akapiga pasi kwa saa mbili bila kusema neno: mashati, mashuka, taulo, hata soksi. Tangu siku hiyo walikuwa wakiongea kila wiki kuhusu presha, hali ya hewa, na nani amezaa. Jina la Esperance halikuwahi kutajwa.

Kathure aliiwasha printa ya kaka yake. Ilitoa kurasa sita ikakwama. Akaamua aoge kwanza, arudi aitengeneze. Hakujua kwamba mama alikuwa ametoka kazini mapema.

Alipotoka bafuni baada ya saa nzima ya kuosha nywele, taulo likiwa kichwani, printa ilikuwa imekwamuliwa na kurasa zote ishirini zilikuwa mezani zimepangwa vizuri. Hapo mezani ameketi Mwalimu Gakii, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi.

"'Mapenzi yao imekua,'" mama alisoma kwa sauti. "Mapenzi yako katika ngeli gani?"

Kathure alisimama pale kama mwanafunzi wa kidato cha pili. "YA-YA?"

"YA-YA. Mapenzi yao yamekua. Nilikufundisha mimi mwenyewe." Akageuza ukurasa. "Huyu msichana wa Kongo Kiswahili chake sijakigusa. Naona ndivyo wanavyosema, nao ni watu wazima. Huyu wetu ndiye anayetuaibisha."

"Mami, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Ukurasa wa kumi na nne."

Kathure aliujua ukurasa huo. Ndipo mama yake Mwende anapofika nyumbani bila taarifa, anamkuta Zoé jikoni, anaambiwa ukweli, anaimwaga sufuria na kupiga kelele: Toka nyumbani mwangu, wewe si mtoto wangu! Maneno hayo yote yalikuwa yamepigiwa mstari mwekundu, na pembeni kulikuwa na maneno mawili kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: Nani huyu?

"Ni mama yake," Kathure alisema.

"Naona ni mama. Ninauliza ni nani. Mimi nilisema hivi?"

"Hapana."

"Nilimwaga chakula?"

"Hapana, Mami."

"Nilifanya nini?"

"Ulipiga pasi."

"Nilipiga pasi," Mwalimu Gakii alisema. "Nilikuwa nimeogopa, nikatafuta kazi ya mikono. Nilipiga pasi mpaka soksi za Gichuki." Aliifunika kalamu kwa kizibo chake. "Basi mbona hukuandika hivyo? Unaogopa watu hawataelewa?"

Hakungoja jibu. Aliinuka akaenda kupasha moto githeri ya mahindi na maharagwe, wakala wakiongea kuhusu presha. Lakini baada ya chakula Kathure aliufuta ukurasa wa kumi na nne wote akauandika upya, na ulipokwisha ulikuwa mfupi, na hakuna aliyepiga kelele ndani yake.

Jumamosi asubuhi Stafford ilikuwa imepambazuka angavu. Jikoni kwa Patroba taa zilikuwa zimefungwa kwenye milango ya kabati kwa vibanio vya nguo. Jepchirchir, mwanafunzi aliyekuja kutoka Denton kuigiza kama Mwende, alikuwa akirudia maneno yake mbele ya friji. Florent, binamu yake Esperance anayeshughulikia vyombo vya sauti kanisani kwao, alikuwa amefunga maikrofoni kwenye fimbo ya kupakia rangi. Na Esperance mwenyewe, ambaye ndiye Zoé, alikuwa amejifunga kitenge, anakata mboga.

Saa tatu na robo simu ya Kathure ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Kwamboka, nesi mwenzake aliyekuwa aigize kama mama. Kwamboka alikuwa analia. Mtu mmoja amemwambia mume wake filamu yenyewe ni ya nini, na nyumbani hapakaliki. Nisamehe dada, siwezi.

Kathure alitoka nje akaketi kwenye ngazi. Jepchirchir alikuwa na mtihani Jumatatu. Patroba alikuwa na harusi kila wikendi mpaka mwezi wa nane. Esperance alimfuata, mikono ikinuka vitunguu, akakaa karibu naye.

"Kuna mutu mumoja," Esperance alisema. "Weye unamujua. Miye sijamuona bado."

"Hapana."

"Alisahihisha mapage yote makumi mbili, Kathure. Mutu mwenye hapendi kitu hakisahihishake."

Kathure alimpigia mama yake.

"Mami, uko kazini?"

"Niko off leo. Kuna nini?"

"Yule mama wa ukurasa wa kumi na nne amekataa kuja."

"Amekataa kwa sababu ya Kiswahili?"

"Hapana. Kwa sababu ya yale mengine."

"Ah. Yale mengine." Kathure alisikia kiti kikisogezwa, mlango wa kabati ukifunguliwa. "Umeuandika upya ule ukurasa?"

"Nimeuandika."

"Sasa nije na pasi, ama mnayo huko?"

Alifika baada ya saa moja, kwa sababu Mwalimu Gakii huendesha gari kwenye njia ya kulia kabisa na hampiti mtu. Alikuwa amevaa gauni la bluu la kanisani na amebeba pasi ndani ya mfuko wa duka. Alimwamkia Patroba, akamuuliza habari za mgongo wake, akaziangalia taa zilizobanwa kwa vibanio vya nguo, akatikisa kichwa. Kisha akafika jikoni.

Esperance alipangusa mikono kwenye kitenge, akapiga goti kidogo. "Jambo, Mama. Karibu."

"Asante. Wewe ndiye mpishi?"

"Ndiyo, Mama. Miye njo mupishi."

"Mupishi," Mwalimu Gakii alirudia polepole. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja kidogo, kama vinavyotafuta kalamu. Lakini alijizuia. "Haya. Nionyesheni mahali pa kusimama."

"Mwalimu," Patroba alisema kutoka nyuma ya kamera, "jambo moja tu, usiitazame hii lenzi."

"Nimesimama mbele ya wasichana arobaini kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, Bwana Patroba. Jicho moja halitanitisha."

Mara ya kwanza fimbo ya Florent iliingia kwenye picha. Mara ya pili sufuria ilifurika. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa: mama anaingia, anamkuta Zoé, Mwende anamweleza ukweli kwa sauti inayotetemeka, mama anasikiliza, anachukua kapu, anawasha pasi. Hapo skripti ilisema: Mama anapiga pasi. Hasemi kitu. Kata.

Lakini Kathure, aliyekuwa ameketi sakafuni mbele ya kioo kidogo cha kuangalizia, hakusema kata. Mama yake alikuwa akinyoosha kola ya shati kwa ncha ya pasi, vilevile kama miaka mitatu iliyopita, uso vilevile, na sasa Kathure aliweza kuutazama uso ule kwa karibu. Siku ile alikuwa ameona hasira. Haikuwa hasira.

Na Mwalimu Gakii akafungua kinywa.

"Huyu hali asubuhi," alimwambia Esperance, bila kuinua kichwa. "Anakunywa chai kavu anaondoka. Kathure huyu, ukimwachia, atapata vidonda vya tumbo."

Jepchirchir alikodoa macho. Florent alishika fimbo kwa nguvu. Patroba hakusogea. Esperance naye, ambaye kwenye skripti hakuwa na neno hata moja mahali pale, alijibu kama mtu aliyeulizwa swali barazani kwao.

"Najua, Mama. Miye minamufungiaka mayai ndani ya chapati. Anakulaka mu motokari."

Pasi ilisimama hewani. "Mayai mangapi?"

"Mbili."

"Na chumvi?"

"Kidogo tu. Juu ya presha. Anasemaka ni ya familia."

"Ni ya familia," Mwalimu Gakii alikubali. Aliligeuza shati upande wa pili. "Vizuri." Na akaendelea kupiga pasi.

"Kata," Kathure alisema, lakini sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

Mama aliishusha pasi kwa ghafla. "Nimesema Kathure! Nimeharibu. Turudie."

"Hujaharibu kitu," Patroba alisema. Alikuwa bado ameinama kwenye kamera, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. "Jina la Mwende limetajwa mara mbili tu kwenye filamu nzima, na zote mbili hatujazipiga. Kuanzia sasa Jep ni Kathure. Haturudii. Nikiambiwa nirudie, naenda nyumbani."

"Anko, hapa ndipo nyumbani kwako," Jepchirchir alimkumbusha, na jiko zima likaangua kicheko, Florent akaigonga taa kwa fimbo, ikabidi wapumzike.

Wakati wa kupumzika Mwalimu Gakii alikuwa akizikunja nguo ambazo hakuna aliyezihitaji. Kathure alikwenda kumsaidia. Wakashika shuka, huku na huku, wakalikunja mara mbili, wakakutana katikati.

"Ni huyu?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni huyu."

"Muda gani?"

"Miaka miwili."

"Miwili!" Mwalimu Gakii alilivuta shuka kwa nguvu. "Miaka miwili mtoto wa watu anakupikia mayai, na mimi ninaletewa habari za hali ya hewa."

"Na wewe hukuuliza, Mami."

Mama alilipigapiga shuka likalala vizuri. "Kweli," alisema. "Sikuuliza. Sikujua niulize kwa maneno gani." Kisha akanusa hewani. "Hiyo mboga inaungua."

Haikuwa inaungua. Mwalimu Gakii alichota kijiko kimoja moja kwa moja kutoka sufuriani, akaonja, akafumba macho. "Lo! Lakini hii ni terere, mchicha wa kwetu," alitangaza. "Watu wazima mnapigana kurasa ishirini, kumbe ni terere!" Alikula sahani mbili akiwa amesimama. Patroba aliwasha kamera bila kumwambia mtu, na ndiyo picha inayoifunga filamu.

Walihariri kwa miezi minne, Kathure akishuka Stafford kila alipopata siku mbili za mapumziko. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata *Lengalenga* ilikubaliwa kwenye tamasha dogo la filamu huru za mashoga na wasagaji huko Houston, Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa viti mia na ishirini. Kathure aliwaandikia waandaaji ombi moja: kabla ya filamu yake, ionyeshwe ile ya dakika kumi na moja, ya kijana anayenyolewa.

Kwa hiyo watu walikaa kwanza kwenye ule ukimya wa dirishani, pamoja na Samson na ndevu zake. Patroba aliketi mstari wa pili, mikono magotini. Halafu skrini ikajaa rangi za vitenge, kamati ya harusi ikaanza kupayuka, na Zoé akaahidi kuleta lengalenga. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa vijana Wakenya waliokaa nyuma. Cha pili kilikuwa cha ukumbi mzima, hata wale waliokuwa wakisoma tafsiri chini ya picha. Ilipofika kwenye mayai ndani ya chapati, mtu mmoja alilia na kucheka kwa pamoja, kwa sauti kubwa, bila aibu. Kathure aligeuka kuangalia ni nani. Alikuwa Kwamboka, aliyekuja bila kumwambia mtu.

Mwalimu Gakii alikuwa amewaalika akina mama thelathini wa kanisani. Walikuja wanne. Mmoja aliondoka katikati, akijisingizia simu. Watatu walibaki mpaka mwisho, mikoba mapajani, na mmoja wao alisikika akimwambia jirani kwamba yeye siku zote alijua Gakii ana kipaji. Kundi lao la WhatsApp lilikaa kimya wiki mbili baada ya hapo, kimya kilichomuuma Mwalimu kuliko alivyokiri. Halafu mmoja akavunja ukimya kwa kuuliza ile chapati ya mayai inafungwaje.

Filamu ilipokwisha waliitwa mbele. Msimamizi alimuuliza Mwalimu Gakii, kwa Kiingereza, ni nini kilichomfanya akubali kuigiza. Alijibu kwa Kiswahili, taratibu, akimpa Kathure nafasi ya kutafsiri.

"Skripti ilikuwa na makosa ya sarufi arobaini na moja."

Watu walicheka.

"Hayo niliyasahihisha kwa kalamu. Lakini kulikuwa na mama mle ndani ambaye alikuwa amekosewa. Huyo hangeweza kurekebishwa kwa kalamu, ilibidi niende mwenyewe."

Kathure alitafsiri. Mama yake alimsikiliza kwa makini. "Umesema 'kubadilishwa,'" alimwambia mbele ya watu wote. "Nimesema kurekebishwa." Ukumbi ukapiga makofi, na Kathure akatafsiri upya.

Kijana mmoja wa nyuma aliinua mkono. Alikuwa Kiplagat, mwanafunzi wa chuo, na aliuliza kwa Kiswahili, sauti ikikwaruza kidogo. "Mwalimu, sisi watu kama hawa, kwa Kiswahili kizuri tunaitwaje? Maana maneno yote ninayoyajua nilirushiwa."

Mwalimu Gakii alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ni kweli," alisema. "Maneno mengi yalitengenezwa na watu ambao hawakuwapenda. Nitatafuta, na mkipata ninyi mniambie, maana lugha ni ya wanaoisema. Kwa sasa, wewe unaitwa nani?"

"Kiplagat."

"Basi nitakuita Kiplagat. Karibu, Kiplagat. Baada ya hapa kuna chakula."

Nje, kwenye jua la mwezi wa nne, mzee mmoja Mmarekani mwenye fimbo alimfuata Patroba akamshika mkono asiuachie. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wa Montrose, yule aliyekuwa akichungulia dirishani. Walikuwa hawajaonana kwa miaka ishirini na sita. Waliketi kwenye ukingo wa maua, suti ya rangi ya maziwa ikipata vumbi, wakitajiana majina, na safari hii kila baada ya majina mawili matatu walikuwa wanacheka. Wiki ileile Patroba aliishusha mikanda yake yote kutoka darini na kuipeleka ikanakiliwe upya.

Fort Worth wakaiomba *Lengalenga*, kisha Austin, kisha kikundi kimoja cha Nairobi kilichoomba iletwe bila jina kwenye bahasha. Kathure aliituma, akakaa siku tatu akiwaza kuhusu watu watakaoitazama huko, wangapi, na mlango wao ukoje. Jibu lilikuja kwa sauti ya msichana aliyeishiwa pumzi kwa kucheka: tulikuwa hamsini na watatu, dada, tumeirudia mara mbili.

Jumatatu moja, Kathure akiwa kwenye mapumziko hospitalini, alipokea picha kutoka kwa mama yake. Ilikuwa karatasi ya daftari yenye mwandiko mzuri wa ubaoni. Onyesho la kwanza. Nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi. Wanawake wawili wa miaka themanini wanagombania kiti cha dirishani.

Kabla hajamaliza kusoma, ujumbe mwingine ukaingia.

"Muulize Bwana Patroba kama ana nafasi mwezi wa sita. Na umwambie Esperance kuna sehemu yake. Yako pia ipo, ila ni ndogo."